Msikilizaji Hayumo Studioni

Hotuba hii niliitoa mbele ya mafundi mitambo, watangazaji na waandaaji wa vipindi vya redio na vya mtandaoni. Naiweka hapa nzima kwa ajili ya waliokosa kufika.

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu mliotutangulia katika kazi hii, watangazaji, mafundi mitambo wenzangu, nanyi vijana mnaorusha vipindi kwa kompyuta moja na maikrofoni moja: habari za asubuhi.

Nitaanza na simu tatu.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa fundi wa zamu katika kituo kimoja cha redio. Siku moja, kabla ya adhuhuri, simu ya studio ikalia. Alikuwa mama mmoja, mtu mzima. Akasema, "Mwanangu, leo magitaa nayasikia, kinanda nakisikia, lakini mwimbaji simsikii. Kulikoni?" Nikatazama mita: ya kushoto inacheza, ya kulia inacheza. Nikavaa hedifoni: mwimbaji yupo, tena amejaa tele. Nikamjibu kwa adabu zote kwamba huenda redio yake ina hitilafu. Baada ya saa moja akapiga mzee, akalalamika kwamba mtangazaji anasikika kwa mbali, kama mtu anayesemea ndani ya mtungi. Nikamshauri avute antena. Jioni akapiga kijana aliyekuwa akisikiliza kwa spika ya simu yake: "Kaka, muziki upo, maneno hayapo." Nikamwambia aangalie simu yake.

Watu watatu wasiojuana, siku moja, tatizo moja. Na mimi, fundi, nikawaambia wote watatu kwamba kasoro iko kwao. Je, ni wangapi humu tumewahi kumjibu msikilizaji hivyo? Msinyooshe mikono. Najua.

Nilipotoka zamu nikapita getini. Mlinzi alikuwa na redio ndogo ya spika moja, amefungulia kituo chetu. Nikasimama kusikiliza. Mtangazaji wetu mwenye sauti nzito kuliko wote hakuwepo. Kilichosikika ni kivuli cha sauti yake, chembamba kama uzi, na muziki wa chini ukielea peke yake. Nikarudi ndani mbio.

Asubuhi ile waya mmoja unaotoka kwenye miksa ulikuwa umetengenezwa upya. Kiunganishi cha XLR, kama wengi mnavyojua, kina pini tatu: ya kwanza ni ya ardhi, ya pili na ya tatu hubeba sauti ileile kinyumenyume, moja ikipanda nyingine inashuka. Kwenye waya wa upande wa kulia pini ya pili na ya tatu zilikuwa zimebadilishana mahali. Wimbi la kulia likawa limepinduka. Ukivaa hedifoni, kila sikio linapata wimbi lake, wala hushtuki. Mita nazo hupima ukubwa, mwelekeo haziujui. Lakini redio ya spika moja hujumlisha kushoto na kulia, na chochote kilicho sawa pande zote mbili, yaani kilichowekwa katikati, kinajifuta. Na katikati ndipo tunapomweka mtangazaji. Katikati ndipo tunapomweka mwimbaji. Kinachobaki ni vile vilivyotawanywa pembeni: magitaa na kinanda. Yule mama alikuwa amenieleza hitilafu kwa usahihi kuliko mita zangu zote.

Aliyeunga waya ule asubuhi ile ni mimi.

Ndugu zangu, tangu siku hiyo ninatembea na sentensi moja, na ndiyo niliyowaletea leo. Msikilizaji hayumo studioni. Spika zetu za thamani, chumba chetu kilichotulia, kiti chetu kilichowekwa mahali pake hasa, vyote hivyo vinatuhudumia sisi. Yeye yuko jikoni na sufuria zinachemka. Yuko kwenye basi, dirisha liko wazi. Yuko kitandani, sikio moja lina kipokea sauti na jingine liko kwenye mto. Sasa nani anamsikilizia? Viwango vya kiufundi ambavyo wengi wetu tunavichukulia kama masharti ya mkaguzi, mimi naviona kama sikio la mtu asiyekuwepo, lililoandikwa kwenye karatasi ili tusimsahau.

Tuanze pale sauti inapozaliwa.

Mwezi wa Novemba 1935, Edwin Howard Armstrong alisimama mbele ya wahandisi wenzake New York akawasikilizisha namna mpya ya kurusha redio, hii tunayoiita FM. Fikirini redio ya siku zile: mikwaruzo, ngurumo za radi, kila mashine ya jirani ikiwashwa inasikika. Mtu huyu angeweza kuwashangaza kwa okestra kubwa. Alichowasikilizisha ni maji yakimiminwa kwenye glasi na karatasi ikikunjwakunjwa. Sauti ndogo, za kila siku, ambazo redio ya zamani ingezimeza kabisa. Mimi naamini kilichowagusa zaidi ni ukimya uliozizunguka sauti zile. Kwa mara ya kwanza redio ilikuwa na uwezo wa kunyamaza.

Tumerithi mlango huo mpana. FM hubeba sauti hadi kilohertzi 15, wakati simu ya zamani ya mezani iliishia kilohertzi 3.4. Na sisi tunaupitisha nini mlangoni humo? Feni. Kiyoyozi. Meza inayogongwa na saa ya mkononi. Mwangwi wa chumba chenye kuta tupu.

Niliwahi kuitwa kusaidia studio mpya, ukuta wa kioo pande tatu, taa nzuri, picha zake zinapendeza kweli. Wasikilizaji walikuwa wakisema mtangazaji wa asubuhi siku hizi anaonekana ana hasira. Hasira? Bwana yule ni mpole kuliko wote. Wakuu wa kituo walikuwa tayari kununua kifaa cha kuchakata sauti. Nikaomba kwanza nipewe mapazia mazito, zulia, na ruhusa ya kuihamisha meza kutoka katikati ya chumba. Kisha nikamwomba mtangazaji asogee. Alikuwa ameizoea maikrofoni iliyo mbali, karibu urefu wa mkono, ili isizibe uso wake kwenye kamera. Ukiongeza umbali mara mbili, sauti inayotoka kinywani moja kwa moja hupungua desibeli 6, lakini mwangwi wa chumba unabaki palepale. Kwa hiyo fundi anapandisha sauti, na chumba nacho kinapanda. Sasa mtu anasikika kama anawafokea watu kutoka upande wa pili wa ukumbi. Nusu shibiri kutoka mdomoni, maikrofoni ikiwa pembeni kidogo ili zile "p" na "b" zisiipige kwa pumzi, na "hasira" ikaisha siku hiyohiyo. Kile kifaa hakikununuliwa.

Watangazaji, hili ni lenu kuliko letu. Mwangwi ukishaingia kwenye rekodi, programu za kuutoa zipo, lakini huondoka na nyama ya sauti. Nusu shibiri. Naomba mnikumbuke kwa hiyo nusu shibiri.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi: mashindano ya makelele.

Tangu vichakata sauti vya redio viingie kwa nguvu katikati ya miaka ya 1970, vituo vimeshindana kuwa na sauti kubwa kuliko jirani. Hoja yake inaeleweka. Msikilizaji anazungusha kitufe, na kituo chenye sauti kubwa kinamkamata kwanza. Lakini mtambo wa FM una kikomo: mawimbi hayaruhusiwi kuyumba zaidi ya kilohertzi 75 kila upande. Kilele cha sauti hakiongezeki. Basi njia pekee ya kuongeza makelele ni kuinua vilivyo chini vifikie vilivyo juu. Mnong'ono unakuwa sawa na kelele. Pumzi ya mtangazaji inakuwa sawa na neno lake. Mita ya kilele inaonyesha hakuna kilichozidi, na kweli hakuna kilichozidi, ila hakuna tena kilichopungua.

Kiswahili kina neno ambalo nalipenda sana kwa kazi yetu. Tunasema kituo kwa maana ya mahali pa kurushia matangazo. Tunasema pia kituo kwa maana ya pumziko la msomaji, na washairi wana mshororo wao wa kituo, pale ubeti unapotua. Sauti iliyobanwa kupita kiasi ni kituo kisicho na kituo. Hakitui. Na sikio lisilopewa mahali pa kutua huchoka. Mtu anapunguza sauti, kisha anazima, wala hajui kwa nini amezima. Akiulizwa atasema tu, "nilitaka kupumzika." Je, kuna lawama nzito kuliko hiyo?

Niliwahi kufanya jaribio mbele ya waandaaji wa vipindi. Mahojiano mamoja, nakala mbili: moja imebanwa vibaya sana, nyingine imeguswa kidogo tu. Nikazipiga kama zilivyo. Karibu wote wakachagua iliyobanwa, wakasema "ina nguvu". Kisha nikapima ukubwa wa kila moja, nikashusha iliyobanwa mpaka zote mbili zikalingana sikioni, nikapiga tena bila kuwaambia ipi ni ipi. Wengi wakabadili mkono. Waliyoipenda mwanzoni wakaiita kavu, wengine wakaiita ya bati. Walichokuwa wamekichagua mara ya kwanza ni ukubwa, wakadhani ni ubora. Sikio letu sote liko hivyo: kikubwa kidogo tunakiona kizuri. Ndiyo maana hatuwezi kuliachia sikio peke yake, hata la fundi hodari.

Kwa bahati njema dunia imepata kipimo. Mwaka 2006 Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, lilitoa pendekezo BS.1770, namna ya kupima ukubwa wa sauti jinsi binadamu anavyousikia. Kipimo hiki hupunguza uzito wa besi ya chini kabisa ambayo sikio haliijali sana, huongeza uzito wa masafa ya juu ambayo sikio huyasikia kwa wepesi, kisha hutafuta wastani wa kipindi kizima. Baadaye likaongezwa jambo la busara: vipande vya kimya na vya chinichini havihesabiwi, ili mtu asijaze ukimya mwanzoni apate ruhusa ya kupiga kelele mwishoni. Mwaka 2010 Umoja wa Utangazaji wa Ulaya ukatoa pendekezo R 128, ukaweka lengo la LUFS 23 chini ya sifuri (LUFS ndicho kizio cha ukubwa huo wa sauti; kadiri namba inavyokuwa karibu na sifuri ndivyo sauti inavyokuwa kubwa) na kilele kisichozidi desibeli moja chini ya kikomo. Mwaka huohuo Marekani ikapitisha sheria ya kuzuia matangazo ya biashara ya televisheni yasipigwe kwa sauti kubwa kuliko vipindi, ikaanza kutumika Desemba 2012. Angalieni: ilibidi sheria. Watu walichoka kukimbilia rimoti.

Kwa matangazo ya mtandaoni, mwaka 2015 chama cha wahandisi wa sauti, Audio Engineering Society, kilipendekeza wastani usiozidi LUFS 16 chini ya sifuri wala kushuka chini ya 20. Kwa nini juu kuliko lengo la Ulaya? Kwa sababu simu ya mkononi ina nguvu ndogo na mtu yuko kwenye basi. Mnaona? Namba ile imembeba mtu wa kwenye basi.

Nataka kila studio iliyowakilishwa humu iwe na mita ya LUFS. Zipo za bure za kuweka kwenye kompyuta. Hakuna kisingizio.

Twende mtandaoni, maana huko vijana wengi ndiko mlipo, na huko makosa yetu yamejificha vizuri zaidi.

Kodeki tunazotumia sana mtandaoni, yaani programu za kukandamiza sauti kama MP3, hupunguza ukubwa wa faili kwa kutupa sauti. Naomba neno hilo tulitumie bila kulipamba: hutupa. Hukisia ni nini sikio halitagundua kikiondoka, kwa mfano mlio mdogo uliofunikwa na mlio mkubwa wa karibu yake, na hicho hukitupa. Karlheinz Brandenburg wa Ujerumani, mmoja wa waliotengeneza MP3, alisikiliza mara nyingi sana rekodi moja ya Suzanne Vega akiimba peke yake bila ala hata moja. Alipoijaribu kwenye kodeki ya mwanzo, sauti ya dada yule iliharibika vibaya. Muziki uliojaa ngoma na magitaa huficha makosa. Sauti ya mtu mmoja haina pa kuyaficha. Na sisi tunarusha nini saa nyingi za siku? Sauti ya mtu mmoja.

Sasa fuatilieni safari ya ripoti moja. Mwandishi anarekodi kwa simu, simu inatupa kidogo. Anaituma kwa programu ya kupiga soga, nayo inatupa kidogo. Mhariri anaihifadhi MP3, nayo inatupa. Kompyuta ya studio inaipiga, mtambo wa mtandaoni unaikandamiza tena. Mara nne. Kila kodeki inakisia upya juu ya makosa ya aliyetangulia, mpaka "s" zinasikika kama mtu anayemwaga mchanga. Kisha mwandishi anaambiwa sauti yake haifai redio! Nimemwona kijana akilia kwa sababu hiyo. Sauti yake haikuwa na kasoro yoyote. Tulirekodi upya kwa faili isiyokandamizwa, WAV, na chumba kizima kikanyamaza kumsikiliza.

Wapo wanaochukua MP3 ya kilobiti 64 wakaihifadhi upya kwa 320, wakaamini wameiponya. Maji yakimwagika hayazoleki. Umepata faili kubwa lenye sauti ileile iliyochoka, pengine imechoka zaidi. Rekodi kwa WAV, kilohertzi 48, biti 24. Hifadhi hivyo. Kandamiza mara moja tu, kwenye mlango wa mwisho.

Kosa jingine nimelikuta kwenye vituo vingi: sauti iliyokwisha chakatwa kwa ajili ya FM inachukuliwa vilevile na kupelekwa mtandaoni. FM ina desturi yake. Kabla ya kurusha tunainua masafa ya juu, na redio ya msikilizaji inayashusha pamoja na mikwaruzo. Sehemu kubwa ya dunia hutumia kipimo cha mikrosekunde 50, Marekani 75. Kwa sababu masafa hayo yameinuliwa, kichakata cha FM hulazimika kuyakata vichwa yasivuke kikomo, na kila ukatapo kichwa cha wimbi unazalisha milio ambayo haikuwepo. Kodeki haijui kwamba milio hiyo ni takataka. Inaitumia biti zake, biti zilizokuwa za mtangazaji. Tenganisheni njia: FM na mchakato wake, mtandao na mchakato wake mwepesi zaidi, na muache desibeli moja ya nafasi juu, maana sauti ikifunguliwa upande wa pili vilele vyake hupanda kidogo.

Na namba kubwa siyo heshima daima. Kilobiti 320 kwa sekunde ni megabaiti 144 kwa saa moja. Kilobiti 64 ni karibu 29. Anayezilipia ni msikilizaji. Mazungumzo safi yaliyokandamizwa vizuri kwa kodeki ya HE-AAC, kilobiti 64 au hata 48, yanasikika vizuri bila kumkausha kifurushi. Wekeni njia mbili, ndogo na kubwa, achague mwenyewe.

Kwa kupita tu: mtandao huchelewa, wakati mwingine kwa nusu dakika nzima. Jirani mwenye redio anashangilia bao, wewe mchezaji wako bado yuko katikati ya uwanja. Kwa hiyo mlio wa saa kamili mtandaoni unampotosha mtu. Ondoeni, au msiseme "saa hizi ni kamili". Na wekeni kifaa cha kugundua ukimya hewani, kipige kengele kwenye simu ya mtu aliye macho.

Ninaowaomba zaidi leo ni wakuu wa vituo. Nunueni redio ndogo ya spika moja, muiweke juu ya meza ya fundi, na iwe inapokea kutoka hewani kama ya mtu mwingine yeyote. Wekeni simu ya kawaida inayopokea matangazo yenu kwa mtandao wa simu, isiwe kwa waya wa ofisini. Na wekeni daftari: kila msikilizaji anayepiga kulalamika, aandikwe saa, kituo gani cha masafa, anatumia chombo gani, anasikia nini, kwa maneno yake mwenyewe. Kwa maneno yake mwenyewe, kwa sababu "magitaa nayasikia, mwimbaji simsikii" ni uchunguzi kamili wa kitaalamu, na mimi niliupoteza siku nzima kwa kudhani najua zaidi.

Mzee wa mtungi nilimpata kesho yake, nikamwomba radhi hewani na kwa simu. Kijana naye nilimpata. Mama wa kwanza sikumpata. Sikuwa nimeandika namba yake.

Pale nyuma, karibu na mlango, nimeweka meza. Kuna miksa ndogo, hedifoni, redio ya spika moja, na nyaya mbili za XLR. Mmoja nimeupindua makusudi, pini ya pili na ya tatu. Vaeni hedifoni kwanza, mtasikia kila kitu kiko sawa. Kisha vueni, msikilize kwenye redio. Kila mtu apite hapo kabla ya chai, na watangazaji watangulie.

Asanteni sana.